Mkono Juu ya Kiti

Bagamoyo, mwezi 3 Mfunguo Nne, mwaka 1305
(Wazungu wanasema ni 1887. Mimi najua hesabu zote mbili.)

Kwa mwanangu Mina binti Mwishehe, Mlingotini.

Baada ya salamu nyingi, nakuarifu kwamba toka Saadani mpaka Mzizima hakuna mtu anayetegemewa kama ninavyotegemewa mimi mjomba wako. Nisipokaa barazani asubuhi, watu wa Bagamoyo hawana hakika kama kumekucha. Wapagazi wakishuka kutoka bara, kabla hawajatua pembe zao huuliza kwanza, "Mwinyimvua yu hai?" Wakiambiwa yu hai, ndipo wanatua.

Sisemi haya kwa kujisifu. Nasema upate kuelewa kwa nini juzi, barazani kwa baba yako, neno langu lilinyamazisha watu wote. Wewe ulikuwa ndani na mama yako, hukuona.

Posa ya Ausi ilikuwa imekufa, mwanangu. Wazee wake wa Fukayosi walikaa mkekani kama watu waliokuja kuomba maji ya kunywa. Baba yako akasema, "Huyu kwao wanalima mtama. Huko Bagamoyo anachambua gundi ya sandarusi ghalani kwa Mhindi. Ana nini ambacho vijana wa Mlingotini hawana?" Mzee mmoja akakohoa. Hapo mimi niliyeileta posa nikasimama, pamoja na goti hili lililokanyagwa na nyati kule Ugogo, nikasema, "Ausi anapanda baiskeli."

Wakauliza baiskeli ni nini. Nikawaeleza. Mzungu yule aliyepita mwaka jana kwenda Unyamwezi alikuwa nayo: magurudumu mawili, moja mbele, moja nyuma, na kiti katikati. Alifika nayo kivuko cha mto Kingani, tope likaimeza mpaka kwenye kiti, akairudisha na mpagazi, akasema, "Mpeni yule mtu wa uwanja wa punda anitunzie." Mtu huyo ni mimi. Nikawaambia wazee kwamba siku ya harusi Ausi atakuja Mlingotini amekaa juu yake, hapana punda, hapana wa kusukuma, na mwalimu wake ni mimi. Baba yako alifungua mdomo asiufunge mpaka kahawa ilipoletwa.

Basi lala usingizi. Posa nimeiokoa.

Liko jambo dogo. Ausi hajakaa juu ya baiskeli hiyo bado. Kesho tunaanza.

Wasalaam. Ni mimi mjomba wako, Mwinyimvua bin Shomari, Amiri wa Punda wa Bagamoyo, Mwaminifu wa Wazungu, Mwalimu wa Baiskeli. Kwa mkono wangu mwenyewe.


Mlingotini, mwezi 6 Mfunguo Nne 1305

Kwa mjomba wangu Mwinyimvua.

Shikamoo, mjomba. Sisi hatujambo, ila mama ana kikohozi, nami nina barua yako.

Mjomba, posa hukuiokoa. Ulipoondoka, baba alimwambia mama, nami niko nyuma ya pazia: "Kaka yako amesema mbele ya watu. Basi hilo ndilo sharti langu. Kijana akifika mlangoni kwangu juu ya hicho chuma, nitamwoza. Akifika kwa miguu, atakula wali kama mgeni mwingine, kisha atarudi kwao akalime." Mama akamwambia, "Lakini Mwishehe, unamjua kaka yangu." Baba akajibu, "Namjua. Ndiyo maana nimeweka sharti."

Sasa kijiji kizima kinajua. Nikienda kisimani wananiuliza, "Mina, mchumba amefikia gurudumu la ngapi?" Nimechoka, mjomba. Nimekataa posa mbili kabla ya hii. Unajua kwa nini namtaka Ausi? Mwaka jana ulimtuma alete mkungu wa ndizi, akakuta paa la jiko la mama limebonyea. Akapanda, akaliezeka upya, akashuka, akanawa mikono, akaaga. Hakusema neno moja la kujisifu. Mimi nimekulia kati ya baba na wewe, mjomba wangu. Mtu wa namna ile sikuwa nimepata kumwona.

Siku ni tarehe 16 Mfunguo Sita, Maulidi yakishapita. Tarehe hiyo nimeiomba mimi kwa mdomo wa mama. Itakuwa bamvua, siku za maji makubwa, na saa nne asubuhi maji yatakuwa yamekupwa kabisa, ufuko mgumu. Nimefikiri, kitu cha magurudumu hakitakwenda kwenye mchanga mkavu.

Nakuuliza neno moja tu, na usikasirike. Wewe mwenyewe umewahi kuipanda?

Mwanao, Mina.


Bagamoyo, mwezi 20 Mfunguo Nne 1305

Kwa Mina, mwenye maswali.

Baada ya salamu. Umeuliza kama nimewahi kuipanda. Nahodha huulizwa kama ana mapezi? Mimi nimefundisha punda wa Kimasikati kuvuka mito, na sijapata kubebeshwa gunia. Ualimu una watu wake.

Nakuarifu mafunzo yanakwenda vizuri sana. Kila alfajiri ambayo maji yametoka, tunashuka ufukweni. Ausi anakaa. Mimi nasimama upande wa kulia, mkono wangu juu ya kiti, nyuma yake. Hii ni siri ya kazi yetu ya punda: mnyama mgeni hutulia akihisi mkono. Nimemwambia Ausi, "Mkono huu hautaondoka hapa mpaka siku unaoa." Akasema, "Ahsante, mjomba." Ana adabu sana.

Anaanguka kidogo. Hilo lisikutie hofu. La ajabu ni kwamba kila akianguka huangukia kulia, juu yangu, hata siku moja hajaangukia kushoto. Mwanzo nilidhani ni heshima. Baadaye nikadhani ni jini, nikafunga hirizi kwenye usukani. Sasa nadhani ni ule Ukwere wake, maana watu wa Fukayosi wamezoea kuinama na jembe.

Watu wa Bagamoyo wamekuwa kero. Wakiteremka kuoga husimama kututazama. Jana mmoja kaniita, "Mwinyimvua! Punda wako mbona hana masikio?" Nikamjibu, "Masikio anayo anayesimama kuuliza." Walicheka wote, nikakimbia tena na Ausi hatua chache, tukaanguka, wakacheka zaidi. Nikawaambia tumeanguka makusudi kuonyesha namna ya kuanguka.

Narudi nyumbani jua limepanda. Mke wangu Dija ananikanda goti kwa mafuta ya nazi. Ni goti lile la mkuki wa Wamasai, unalijua. Linavimba jioni.

Ni mimi, Mwinyimvua bin Shomari, Amiri na Mwalimu.


Mlingotini, mwezi 2 Mfunguo Tano 1305

Shikamoo, mjomba.

Barua ya kwanza goti lilikuwa la nyati.

Juzi baba alikuja Bagamoyo kununua mchele wa harusi. Alipita ufukweni akawaona. Amerudi anacheka peke yake, na baba hajacheka tangu Ramadhani. Kamwambia mama, "Nimenunua mchele nusu. Wageni watakula, lakini watakula upesi." Mama kalia jikoni. Mimi sikulia, nilikuwa natwanga, nikaendelea kutwanga.

Mjomba, hapo Bagamoyo hakuna mtu mwingine aliyewahi kuona kitu hicho kikipandwa? Mgoa yeyote wa kutoka Bara Hindi, baharia yeyote? Si kwamba sikuamini. Ni kwamba siku zinapita.

Mina.


Bagamoyo, mwezi 19 Mfunguo Tano 1305

Kwa Mina binti Mwishehe.

Salamu. Barua yako ilinichoma, sikuijibu. Sasa najibu kwa sababu nimelala kitandani na sina la kufanya. Homa. Mvua imeninyeshea ufukweni, na usiku mwili wote ulikuwa unatetemeka kama paa la mabati ya Wahindi.

Mgoa hakuna. Baharia hakuna. Niko mimi.

Nimemwambia Ausi apumzike, asiiguse baiskeli mpaka nipone, maana bila mkono wangu ataivunja na kuvunjika yeye mwenyewe. Kaniitikia.

Nitakwambia jambo, kisha usilirudie. Liko tangu kabla ya homa. Asubuhi nikisikia watoto wa jirani wanaanza kuniita toka mbali, "Mwalimu! Mwalimu!", mwanzoni nilikuwa natoka na joho. Siku hizi nakaa kwanza ukingoni mwa kitanda. Mwanangu, kuna siku mtu huamka amechoka na jina lake mwenyewe. Halafu anavaa kanzu anatoka nalo, maana atakwenda na jina la nani?

Homa inasema maneno mengi. Usiitie maanani.

Mwinyimvua bin Shomari. (Amiri.)


Bagamoyo, mwezi 21 Mfunguo Tano 1305

Kwa Mina.

Najua si adabu mimi kukuandikia kabla ya ndoa. Mkaza mjomba wako, Bi Dija, ndiye aliyesema, "Andika, nitaiweka chini ya ndizi, na mwenye kuuliza nitamjibu mimi." Naandika kwa kifupi, maana mwandiko wangu ni mbaya. Nilisoma chuo cha Kurani miaka miwili tu.

Mjomba amelala na homa. Alinikataza kuigusa baiskeli. Nimemwasi. Jana alfajiri nilishuka nayo ufukweni peke yangu. Mara ya kwanza nikaanguka kushoto. Nikakaa pale mchangani nikastaajabu, maana sikuwa nimewahi kuanguka kushoto. Mara ya pili nikaenda mbali kidogo. Mara ya tatu sikuanguka, Mina. Nilikwenda mpaka kwenye mikoko, upepo masikioni, nikapiga kengele ingawa hapakuwa na mtu. Kushuka ndiyo sijui. Najiendesha mpaka mchanga laini, inazama, inasimama yenyewe.

Nilirudi nikiivuta, nikifikiri. Nimeelewa. Mjomba akiweka mkono kwenye kiti, hanishiki. Ananiegemea. Goti lake limekwisha, na uzito wake wote uko mkono ule. Yeye hajui. Anaamini kabisa kwamba akiuondoa mimi nitakufa.

Nakuomba kwa Mungu usimwambie. Siku ile barazani wazee wangu wenyewe walikuwa wametazama chini. Yeye peke yake alisimama. Alisema uongo, lakini alisimama. Siwezi kumwambia mtu huyo kwamba ni yeye anayeniangusha. Akipona nitarudi kuanguka kama kawaida.

Ila siku ya harusi sijui tutafanyaje. Akishika siku ile, sitafika mlangoni kwenu.

Ausi.


Mlingotini, mwezi 4 Mfunguo Sita 1305

Shikamoo, mjomba wangu mpenzi.

Tumefurahi kusikia umepona na mmerudi mafunzoni. Mpagazi wa samaki kasema mnaanguka vizuri.

Nina ombi moja kwako kuhusu siku ya harusi. Nimefikiri, si sawa mtu wa cheo chako aonekane anakimbia nyuma ya gurudumu mbele ya wakwe. Nimemwambia mama akuwekee kiti barazani, upande wa mwalimu wa chuo, juu ya zulia. Uvae joho lako, ukae, umtazame mwanafunzi wako anavyokuja. Watu watamwona yeye, kisha watageuka wote wakutazame wewe.

Usimshike, mjomba. Nakuomba. Sijapata kukuomba kitu tangu nilipokuwa mdogo nikakuomba kasuku.

Mwanao, Mina.


Bagamoyo, mwezi 8 Mfunguo Sita 1305

Kwa Mina.

Baada ya salamu. Umeandika vizuri, na zulia nimelipenda. Lakini hapana.

Mafunzo, nakwambia kweli, hayajafika. Jana ameanguka mara nyingi kuliko mwezi uliopita. Magoti yake yamechubuka, mafundo ya mikono yamechubuka, na bado kila akiinuka anasema, "Tena, mjomba." Sasa mtu kama huyo nimwache peke yake mbele ya baba yako, nikae juu ya zulia nitazame? Akianguka, nani ameanguka? Ni wewe. Ulimi ulioweka sharti ni wangu, nalijua hilo, huna haja ya kulizungukia kwa zulia na kasuku. Kwa hiyo mkono utakaomfikisha utakuwa wangu.

Toka Bagamoyo tutaisukuma ufukweni; kupanda tutaanzia kisimani. Nitamshika toka kisimani mpaka mlangoni.

Tena kutoka kisimani mpaka mlangoni kwenu ni mwendo, na mimi sijui nitau

Nimefuta mstari hapo juu. Usijaribu kuusoma.

Goti halijambo. Lilikuwa ni kiboko wa Kingani tu.

Mwinyimvua bin Shomari, Amiri.


Mlingotini, mwezi 21 Mfunguo Sita 1305

Shikamoo, mjomba.

Niko fungate. Nimekaa ndani, nimepakwa liwa, nanukia kama duka. Ausi yuko uani anajaribu kuutoa wali kwenye mnyororo wa baiskeli kwa kijiti.

Naandika kwa sababu mimi peke yangu katika Mlingotini nzima sikuona kitu. Bibi harusi haoni, husikia. Nitakwambia nilichosikia, na wewe utaniambia kilichokuwa.

Nilisikia kengele, mbali, upande wa kisimani. Shangwe ya watoto. Nikamsikia baba, chini ya dirisha langu kabisa, anasema, "Yule mzee bado amemng'ang'ania." Kisha akacheka, akasema, "Haya, anaanguka!" Mama alinishika mkono, kucha zake nikazihisi. Nikafumba macho ingawa nilikuwa chumbani.

Halafu kicheko kikakatika katikati. Kengele ikaanza tena, karibu, karibu zaidi, ikapita chini ya dirisha, ikapita mlango, na nikasikia kishindo, na kuku, na shangazi anapiga kelele, "Wali! Jamani, wali!" Baadaye nikasikia watu wanamuuliza baba, nusu wanacheka, "Sasa, Bwana Mwishehe?" Baba akakohoa kwanza. Kisha akasema, "Nilisema afike mlangoni. Huyu kafika mpaka jikoni. Mwiteni mwalimu afungishe ndoa."

Mjomba, nilicheka mpaka wanja ukaniingia machoni.

Lakini wewe je? Hapo ndipo habari zinapopotea. Mama anasema ulijikwaa. Baba anasema hakukutazama. Mwalimu wa chuo anamwambia kila mtu kwamba ulipomwona kijana anakwenda peke yake ulianguka kusujudu, uso mchangani, na ulikaa hapo kwa shukrani muda mrefu ambao yeye, katika umri wake wote, hajaona mfano. Anataka Ijumaa akutaje msikitini. Nikimuuliza Ausi, anatazama dari.

Na uliondoka kabla ya wali. Wewe, mjomba, uliondoka kabla ya wali!

Niambie mimi peke yangu. Nini kilitokea?

Mina, mke wa Ausi.


Bagamoyo, mwezi 27 Mfunguo Sita 1305

Mwanangu Mina,

Nimekaa na barua yako siku kadhaa. Jibu la kwanza nililoandika lilikuwa na malaika ndani yake. Nilimsomea Dija, akalichukua taratibu, akawashia moto wa uji. La pili lilikuwa fupi na halikuwa na malaika, lakini lilikuwa na nyati. Nalo kaliwashia moto. Akasema, "Mume wangu, mimi ninazo kuni."

Basi sikiliza.

Tulianza kisimani. Watu walikuwa wamejipanga pande zote mbili, na mvua ya usiku ilikuwa imeushikisha mchanga. Ausi alikaa. Nikaweka mkono juu ya kiti, kulia, kama siku zote. Akageuka akanitazama, akafumbua mdomo kama anayetaka kusema kitu, akaufumba. Akasema tu, "Haya, mjomba." Tukaenda.

Tulipopita zizi la mbuzi la jirani yenu, goti likaacha kazi. Halikuuma. Liliacha tu, kama mpagazi anayetua mzigo katikati ya njia bila kumwambia mtu. Nikakibana kile kiti kwa nguvu zote nilizo nazo. Papo hapo baiskeli ikayumba ikaanza kulala, na nikamsikia baba yako anacheka.

Ililala upande wangu, Mina. Kulia. Siku zote imekuwa ikilala upande wangu, na mimi nimelaumu jini, nimelaumu Fukayosi, nimelaumu jembe la watu. Nikautazama mkono wangu pale kwenye kiti. Niliutazama kama mkono wa mtu mwingine, wa mzee fulani aliyeingia safarini bila kualikwa. Vidole vyeupe kwa kukaza. Haukuwa umemshika mtu. Ulikuwa unaning'inia.

Nikauachia.

Baiskeli ikasimama wima kana kwamba imeondolewa gunia. Ausi akaenda. Hakuyumba tena hata kidogo, na hapo nikajua kwamba hiyo haikuwa mara yake ya kwanza kwenda peke yake, na nikakumbuka magoti yake yaliyochubuka baada ya homa yangu, na ile "Tena, mjomba." Usimuulize. Kijana aliyeanguka kwa adabu namna ile aachwe na siri yake.

Mimi nilianguka kifudifudi. Mdomo ukajaa mchanga. Nilikuwa najaribu kuinuka nikamsikia mwalimu wa chuo nyuma yangu anasema, "Tazameni, anasujudu!" na watu wakaitikia kwa sauti moja. Nikaona vibaya kuwakatiza. Nikabaki vilevile. Tena, kwa kuwa nilikuwa chini tayari, na mchanga ulikuwa baridi, na hakuna aliyekuwa akiningoja nifanye jambo lolote, nikapumzika. Nilisikia kengele inakwenda, nikasikia kuku, nikasikia wali unamwagika, nikasema moyoni, kafika. Sijui nilikaa pale muda gani. Sijapata kupumzika vile tangu ujana wangu.

Niliondoka kabla ya kula kwa sababu watu walianza kuja kunibusu mkono, ule ule wa kulia.

Mwambie mwalimu asinitaje Ijumaa. Mwambie nimesema ni unyenyekevu, hilo atalikubali. Wewe nakwambia ilivyo: sikusujudu, nilianguka. Na sikuwa nikimshika Ausi, siku ile wala siku nyingine yoyote. Baiskeli ndiyo iliyokuwa ikinishika mimi.

Mtakapokuja kututembelea, uko mkongojo wa marehemu babu yako, nyuma ya mlango wa chumba cha mama yako. Niletee. Mama akiuliza, mwambie ni wa Dija.

Mjomba wako,
Mwinyimvua.